Sura ya 6: “Mzee Anasikia Anachotaka”

Watu wenye wazazi waliovuka miaka 60 huuliza swali hili kuliko lolote: “Mama haoni vizuri, na siku hizi ukimwita haitiki. Si uzee tu huo?”

Anayeuliza hivyo huwa ameshajijibu. Jibu limo katika lile neno “tu”. Likishatamkwa, hakuna anayepanga safari ya kliniki, hakuna anayechungulia sikio la mama, na mama mwenyewe anaanza kuamini kwamba giza na ukimya ni sehemu ya umri wake kama zilivyo mvi. Ninaiandika sura hii kulipinga neno hilo moja. Umri ni kweli unachosha macho na masikio. Lakini sehemu kubwa ya kinachowapata wazee wetu ina jina, ina sababu, na mara nyingi ina tiba au nafuu.

Lugha yetu nayo inachangia kutupotosha. Kwa Kiswahili, kusikia si kazi ya sikio peke yake. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu. Mtoto mtiifu tunamwita msikivu, na mkaidi tunasema hasikii. Kwa hiyo babu asipoitika, kabla ya kulifikiria sikio lake tunaihukumu tabia yake. “Mzee mbishi.” “Mzee anasikia anachotaka.” Sentensi hiyo husemwa mara nyingi mbele ya mzee mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwa imani kwamba haitamfikia. Tuanze nayo, maana inafanana sana na ukweli.

Saa sita au saa tisa?

Sauti ikiingia sikioni hugonga ngozi nyembamba iitwayo ngoma ya sikio. Ngoma hutikisa mifupa mitatu midogo sana, nayo hupeleka mtikisiko huo ndani zaidi, kwenye kiungo kilichojikunja kama kombe la konokono. Humo mna maelfu ya seli zenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo vikitikisika, seli hutuma habari kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu, nasi tunasema tumesikia. Binadamu huzaliwa na seli hizo na hazizaliwi nyingine. Ikifa moja, imekwenda.

Zinazotangulia kufa ni zile zilizo mlangoni mwa konokono huyo, ambazo kazi yake ni kupokea sauti nyembamba. Za sauti nene, zilizo ndani kabisa, hudumu zaidi. Sasa angalia maneno yetu yalivyojengwa. Irabu, yaani a, e, i, o na u, zina sauti nene na yenye nguvu. Konsonanti kama s, f, sh, t na k ni nyembamba na dhaifu. Mzee hubakiwa na irabu huku konsonanti zikimponyoka. Tamka polepole: sita, tisa, pita, fika, shika. Ziondoe konsonanti, na maneno yote matano yanakuwa neno moja: i-a.

Ukimwambia bibi kwamba gari litampitia saa sita, ukamkuta saa sita hajaoga, usiseme amepuuza. Alisikia “saa”, akasikia mdundo wa neno lililofuata, ubongo wake ukachagua tisa. Ndiyo maana wazee wengi husema, “Nakusikia, ila sielewi unachosema.” Wanasema kweli tupu.

Mambo mengine mengi ya nyumbani yanaelezwa na jambo hilohilo. Babu humsikia mwanawe mwenye sauti nzito lakini hamsikii mjukuu wa kike wa miaka 6, na watu wanasema anabagua wajukuu. Mkiwa wawili chumbani anakujibu vizuri. Sebuleni, redio ikilia na watoto wakicheza, anapotea. Akitajiwa jina lake au habari ya shamba analolijua, anainua kichwa, kwa sababu ubongo unamalizia maneno yaliyozoeleka. Akiambiwa habari mpya, zenye majina ya watu asiowajua, hana pa kushika. Mtu anayetazama kwa mbali anaona mzee achaguaye cha kusikia.

Halafu linakuja lile linalowakera wote. Unasema mara ya kwanza, hasikii. Mara ya pili, hasikii. Mara ya tatu unapaza sauti, naye anaruka: “Mbona unanipigia kelele, kwani mimi kiziwi?” Sikio lililochakaa lina nafasi ndogo kati ya sauti isiyosikika na sauti inayoumiza. Ukipanda kidogo tu, umeshavuka. Kelele pia huzinenepesha irabu, ambazo mzee hakuzikosa, na kuzifunika zaidi konsonanti anazozihitaji.

*Kwa ufupi: upungufu wa kusikia wa uzeeni hauzimi sauti zote kwa pamoja. Huondoa kwanza sauti nyembamba zinazotenganisha neno na neno. Mzee husikia kwamba umesema, lakini hajui umesema nini.*

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu waliovuka miaka 60, zaidi ya robo wana upungufu wa kusikia uliofikia kiwango cha kuwazuia maishani. Hao ni wengi mno kuitwa wabishi.

Yaliyotangulia uzee

Sikio la miaka 70 limebeba historia yake. Aliyefanya kazi miaka 30 kwenye mashine ya kusaga, karakana ya chuma au kiwanda chenye mitambo inayonguruma amezeesha masikio yake kabla ya mwili. Dawa nazo zina sehemu yake: sindano za gentamisini na streptomisini, zilizookoa maisha ya wengi, huweza kuziua zile seli za vinyweleo. Kisukari na shinikizo la damu hudhoofisha mishipa midogo inayolisha sikio na jicho vilevile.

Na iko sababu moja nyepesi inayosahauliwa: nta. Kwa wazee nta ya sikio hukauka na kuziba tundu lote, na mtu akapoteza usikivu kama aliyefungwa pamba. Daktari au muuguzi mwenye ujuzi huitoa siku hiyohiyo. Ninaomba sana, vijiti vya pamba, njiti za kiberiti na manyoya ya kuku visiingizwe sikioni. Huisukuma nta ndani na vingine vimetoboa ngoma.

Jicho: shida nne, njia nne

Watu husema “macho yamekwisha” kana kwamba ni jambo moja. Ni mengi, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama mzee ataona tena.

La kwanza humpata kila mtu, na huanza mapema, karibu na miaka 40. Ndani ya jicho kuna lenzi laini inayojikunja ili tuone vitu vya karibu. Kadiri miaka inavyokwenda, lenzi hukakamaa. Mtu anaanza kusogeza msahafu au Biblia mbali na uso, mpaka mkono unakuwa mfupi. Dawa yake ni miwani ya kusomea, na hata ile rahisi inayouzwa mitaani inaweza kusaidia. Tusiidharau. Fundi cherehani asiyeweza kutunga uzi, au bibi asiyeweza kuchambua mchele, amepoteza kazi na heshima kwa kukosa kitu cha bei ndogo. Huko Assam, India, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wachuma chai waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno yao kwa zaidi ya asilimia 20. Hatari ya miwani ya mtaani ni moja tu: humpa mtu nafuu, akaacha kupimwa, na ugonjwa mwingine ukaendelea kimya nyuma yake.

La pili ni mtoto wa jicho, ambao ndio unaoongoza kwa kuwapofusha watu duniani. Lenzi ileile iliyokakamaa huanza kupoteza uangavu, kama ute wa yai bichi unavyogeuka mweupe ukiguswa na moto. Mzee anaona ukungu. Taa za magari usiku zinamtawanyikia. Rangi zinafifia, na nyeupe inaelekea njano. Wapo ambao kwa muda huweza kusoma tena bila miwani, na familia ikashangilia kwamba bibi ameota macho mapya. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba lenzi inabadilika, na ukungu uko njiani.

Mtoto wa jicho hauna matone wala majani ya kuuondoa. Unaondolewa kwa upasuaji: lenzi iliyochafuka inatolewa, inawekwa ya bandia. Wazo la lenzi ya bandia lina asili ya kusisimua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Harold Ridley wa Uingereza aliwatibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege zao. Aliona kwamba jicho halikuvikataa vipande hivyo. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas’ jijini London, akaanza kumpandikizia mgonjwa lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Leo upasuaji uliotokana na macho ya marubani wale kwa kawaida huchukua chini ya nusu saa, mgonjwa akiwa macho, jicho likiwa limetiwa ganzi. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Kikuyu nchini Kenya zimeufanya kwa miaka mingi.

Kwa nini basi wazee wengi bado wamekaa gizani? Baadhi wanaogopa gharama, na wengine hawana wa kuwasindikiza. Ila maneno nayo yanazuia. Kuna wanaoamini jicho hung’olewa, likawekwa mezani, likarudishwa. Si kweli, jicho halitoki mahali pake. Wengine wameambiwa wasubiri mtoto wa jicho “aive”. Ushauri huo ulikuwa na maana zamani, kabla ya mbinu za sasa. Leo mtu hufanyiwa upasuaji pale ukungu unapomzuia kufanya shughuli zake. Ukiachwa ukomae kupita kiasi, kazi ya daktari huwa ngumu zaidi. Na wanawake, hasa wajane wa vijijini, hubaki nyuma kuliko wanaume. Bibi husema “msipoteze pesa kwa ajili yangu”, nasi tunakubali haraka mno.

La tatu ni presha ya macho, na hapa pana mtego wa jina. Si ile presha ya damu inayopimwa mkononi. Ni ugonjwa unaoharibu mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, mara nyingi kwa sababu maji ya ndani ya jicho yanasukuma kupita kiasi. Mara nyingi hauumi. Huanza kula pembeni, mtu akabaki anaona kama anayechungulia ndani ya bomba. Anajigonga kwenye miimo ya milango, anamkanyaga mtoto aliyekaa mkekani, lakini ukimwonyesha saa ya ukutani anaisoma. Kilichopotea hakirudishwi na daktari yeyote. Matone ya kila siku au upasuaji hulinda kilichobaki tu. Watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi, na mapema zaidi. Kama mzazi wako anao na wewe umefika miaka 40, usimalize mwaka huu bila kupimwa.

La nne ni kisukari, kinachotoboa na kuziba mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Neno moja kuhusu dawa za mkononi. Maziwa ya mama, mkojo, asali na maji ya majani yameunguza vioo vya macho ya wazee wengi. Na yapo matone ya dukani yenye steroidi, dawa ya kutuliza wekundu na muwasho. Yakitumiwa miezi mingi bila daktari, huweza kuleta presha ya macho na hata mtoto wa jicho. Jicho linatulia, huku linakufa.

Macho mekundu

Kuna ugonjwa wa vikope, ambao katika Tanzania watu wa Kongwa, mkoani Dodoma, wanaujua vizuri kwa kuwa umetafitiwa huko kwa miongo mingi. Ni maambukizi ya utotoni, yanayosambazwa na nzi, vidole na kanga za kufutia nyuso pale maji yanapokuwa haba. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ndani ya ukope hubaki makovu. Miaka 40 baadaye makovu yanajikunja, kope zinageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake huumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto.

Ongeza juu yake moshi wa kuni, na katika sehemu zisizo na miti, moshi wa kinyesi cha ng’ombe, kutwa mara tatu kwa nusu karne. Jicho linalotokea ni jekundu, lenye machozi, lisilopenda mwanga. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, bibi vizee wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho hayo. Waliopikia familia maisha yao yote walihukumiwa kwa alama ya kupika huko. Kila aliyesoma sura hii anaweza kusimama siku moja, kwenye baraza au kilabu, na kusema jambo moja: hayo ni makovu na moshi, na kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo.

Bibi anayeona watu wasiokuwepo

Mzee aliyepungukiwa sana na kuona anaweza kuanza kuona watoto wamekaa ukutani, watu wadogo wenye nguo za kupendeza, au maua juu ya shuka. Hawasemi kitu. Yeye mwenyewe, akitulia, huwa anajua kwamba si watu wa kweli. Pwani tutasema majini, bara tutasema wafu wanamwita.

Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Uswisi aliandika habari za babu yake, mzee aliyekuwa karibu na miaka 90, mwenye mtoto wa jicho, aliyekuwa akiona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo huku akili yake ikiwa timamu. Hali hiyo imepewa jina la Bonnet. Ubongo uliozoea kupokea picha, ukikosa za kutoka nje, hujitengenezea zake. Mzee akiambiwa hivyo, mara nyingi hofu humtoka. Wengi hawasemi kabisa, wakiogopa kuitwa wendawazimu au kupelekwa kwa mganga. Muulize wewe, kwa upole. Na mpeleke kwa daktari, kwa kuwa kuona visivyokuwepo kuna sababu nyingine pia.

Yakipungua yote mawili

Sisi sote husoma midomo bila kujua. Anayesikia kwa shida hutazama uso wa msemaji ili ajue kama ni p au t, m au n. Mpunguzie macho, umempunguzia masikio tena. Ndiyo maana mzee aliyepotewa na vyote viwili huanguka haraka kuliko unavyotarajia. Haendi tena barazani kucheza bao. Msikitini anachelewa kuitikia amina, anaona haya, anaanza kuswali nyumbani. Kanisani hafuati wimbo. Kwenye kikao cha ukoo anatikisa kichwa kukubali asichokisikia. Kisha tunasema amezeeka akili.

Mwaka 2024 jopo la kimataifa la wataalamu liliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufuata mambo, ambayo binadamu anaweza kuyashughulikia. Upungufu wa kusikia umo, na upungufu wa kuona usiotibiwa umo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 kuhusu vifaa vya kusikia, uliochukua miaka 3, haukuona tofauti kwa wazee wote kwa jumla. Lakini kwa kundi lililokuwa na hatari kubwa zaidi, vifaa vya kusikia vilipunguza kasi ya kufifia kwa akili kwa karibu nusu. Hilo linatosha kunifanya nisiseme “tu”.

Kifaa chenyewe, shimesikio, hukuza sauti zile zilizopungua. Hakirudishi sikio la ujana, na wiki za kwanza huchosha: vyombo jikoni vinalia kama radi. Mzee avae saa moja, kesho mbili, akiwa mahali tulivu. Bei yake bado ni kubwa kwa familia nyingi, na hilo ni jambo ambalo serikali zetu zinapaswa kulibeba kama zilivyobeba chanjo.

Ya kufanya nyumbani wiki hii

- Mfunike mzee jicho moja kwa kiganja, asome kalenda ya ukutani. Kisha jingine. Wengi hawajui kwamba jicho moja lilishakufa, kwa kuwa la pili linaziba pengo.
- Ukitaka kuongea naye, mguse bega, kaa mbele yake, mwanga uwe usoni pako. Ukisimama mlangoni huku jua liko nyuma yako, uso wako kwake ni kivuli.
- Zima redio kwanza. Asiposhika neno, usilirudie, libadilishe. Badala ya “saa sita”, sema “adhuhuri” au “mchana jua la utosi”.
- Ongeza taa. Jicho la miaka 60 hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la miaka 20. Paka chokaa kwenye ukingo wa kila ngazi.
- Uji mweupe utiwe kwenye kikombe cha rangi iliyokolea. Fimbo, maji na dawa zikae palepale, na mtu asihamishe chochote bila kumwambia.

Usisubiri hata siku moja akipoteza kuona ghafla, akiona pazia au miali ya mwanga, akiwa na jicho jekundu linalouma pamoja na kutapika, au sikio moja likizima ghafla. Kwa sikio hilo, siku za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kuliokoa.

Mkifika kliniki

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee kwa waliofikisha miaka 60. Liulizie. Beba dawa zote anazotumia, pamoja na matone na za kienyeji, bila kuficha. Omba apimwe macho na masikio, hata kama mmekwenda kwa kimoja tu.

Na daktari akianza kukuuliza wewe, “Mzee anasumbuliwa na nini?”, sogeza kiti chako nyuma. Mwombe amgeukie mzee, amtazame usoni, na amuulize mwenyewe.